Maji Hayachukii Mafuta

Kabla ya kuwa jina la kata ya Dar es Salaam iliyo jirani na Ubungo na Manzese, mabibo ni jina la tunda. Ni lile tunda la mkorosho, jekundu au la manjano, lenye maji mengi na ukakasi, ambalo korosho huning'inia chini yake kama hereni. Tunda hilo na korosho yake hubeba vimiminika viwili vilivyotengana kwa upana wa kidole, na tabia zao mbele ya maji hazifanani hata kidogo. Majimaji ya bibo yana sukari, asidi, vitamini C na tanini. Ukiyamimina kwenye kikombe cha maji yanachanganyika papo hapo. Ndani ya ganda la korosho kuna mafuta mazito ya rangi ya kahawia, yenye kuunguza ngozi, na anayebangua kwa mkono anajua kwamba yakishamshika vidoleni, kunawa kwa maji matupu hakumsaidii. Ndiyo maana wabanguaji hujipaka mafuta mengine au majivu kabla ya kuanza kazi. Mti ni mmoja, udongo ni mmoja, mvua iliyouotesha ni moja. Kwa nini basi maji yapokee kimoja na kukiacha kingine?

Lugha yetu ina neno moja linalofanya kazi mbili hapa, na ni vizuri tulifungue kabla hatujaenda mbali. Tunasema samli imeyeyuka kikaangoni, na tunasema sukari imeyeyuka kwenye chai. Samli haikuhitaji kitu zaidi ya moto. Ukiiepua ikapoa, inaganda ikawa samli ileile. Sukari haikuhitaji moto. Hupotea hata kwenye maji baridi ya mtungi, na haiwezi kupotea peke yake bila maji hayo. Watunga istilahi wa sayansi wametupa neno kumumunyuka kwa jambo hili la pili, kutokana na kumumunya, kama mtoto anavyomumunya pipi mpaka ikaisha bila kuitafuna. Nalipenda neno hilo, kwa sababu linatukumbusha kwamba pipi haikwenda yenyewe. Kuna mate yaliyoichukua. Mitaani watu wataendelea kusema kuyeyuka, nami nitasema hivyohivyo, ila msikilizaji akumbuke kwamba jioni hii hatuzungumzii moto. Tunazungumzia kitu kinachochukua na kitu kinachochukuliwa.

Tuanze na kinachochukua. Molekuli ya maji ni atomu moja ya oksijeni iliyoshikana na mbili za haidrojeni, tena kwa kupinda, pembe yake ikiwa nyuzi 104 na nusu. Oksijeni huvutia elektroni kwake, hivyo upande wake huwa na chaji hasi kidogo, na upande wa haidrojeni hubaki na chaji chanya kidogo. Kwa sababu hiyo molekuli za maji hushikana zenyewe kwa zenyewe, kila moja ikiweza kushika jirani hadi wanne, huku zikiachana na kushikana upya kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Mshikano huo una nguvu kiasi gani? Linganisha maji na hidrojeni salfaidi, ile gesi ya harufu ya yai viza. Molekuli yake imepinda vilevile, na ni nzito zaidi ya molekuli ya maji, lakini huchemka kwenye nyuzi 60 chini ya sifuri. Maji huchemka kwenye nyuzi 100. Tofauti hiyo ya nyuzi 160 ni kipimo cha jinsi maji yanavyong'ang'aniana. Watu wengi, hata waliosoma, hulitazama jambo la kuyeyuka kana kwamba lina pande mbili tu, maji upande huu na chumvi au mafuta upande ule. Hoja yangu ni kwamba mishikano ni mitatu. Kuna wa kitu na kitu chenyewe, kuna wa kitu na maji, na kuna wa maji na maji. Huu wa tatu ndio tunaousahau, na ndio unaoamua mengi.

Chukua chumvi ya mezani. Ni ayoni za sodiamu zenye chaji chanya na ayoni za kloridi zenye chaji hasi, zimepangwa kwa zamu kama matofali. Kuzitenganisha kabisa kunadai kilojuli zipatazo 787 kwa kila moli moja, yaani kwa kila gramu 58 na nusu za chumvi. Kwenye glasi ya maji baridi, nani atalipa? Hulipa maji. Molekuli zake huizunguka kila ayoni, zikielekeza upande wa oksijeni kwa sodiamu na upande wa haidrojeni kwa kloridi, na kushikana huko kupya hurudisha kilojuli zipatazo 783. Zinabaki kama 4 ambazo hazina mlipaji. Huchukuliwa kutoka kwenye joto la maji yenyewe, na ndiyo sababu maji hupoa kidogo chumvi inapoyeyuka ndani yake. Hapa msikilizaji makini atanishika: ikiwa hesabu ya nishati imeishia kwenye hasara, kwa nini chumvi iyeyuke hata hivyo? Pingamizi hilo ni zito, na linatufikisha mahali pazuri, kwa sababu linaonyesha kwamba nishati haiamui peke yake. Ayoni zilizojipanga kwenye punje ya chumvi zina namna moja ya kukaa. Zikiwa ndani ya maji zina namna zisizo na idadi. Maumbile huelekea palipo na namna nyingi, kama moshi wa udi unavyotoka kwenye chetezo ukaenda kila pembe ya chumba, na hakuna aliyewahi kuuona ukirudi. Uhuru huo wa kutawanyika hufidia hasara ile ndogo na kubakiza ziada kubwa. Ndiyo maana lita moja ya maji hubeba hadi gramu 360 hivi za chumvi kabla punje hazijaanza kubaki chini.

Sasa mafuta. Kila siku tunasema maji na mafuta havipatani, na vitabu vya kemia huyaita mafuta kitu kinachochukia maji. Ushahidi wa macho hauafikiani na usemi huo. Litazame dimbwi mbele ya gereji baada ya mvua. Tone la dizeli likianguka pale halijikunji likawa punje. Linatanda, linakuwa utando mwembamba wenye rangi za upinde wa mvua. Kama dizeli ingeyachukia maji, ingejikusanya ili iyaguse kwa eneo dogo kadiri inavyowezekana. Benjamin Franklin, yule Mmarekani wa umeme wa radi, alimimina mafuta yasiyozidi kijiko cha chai juu ya bwawa la Clapham, London, akayaona yakienea hadi karibu nusu eka. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1774. Mvuto kati ya maji na mafuta upo. Ni mdogo, lakini upo, na unatosha kuyatandaza juu ya uso wa maji. Kinachoyazuia kuingia ndani ni maji kushikana. Molekuli ya mafuta haina chaji ya kushikwa, kwa hiyo maji yanayoizunguka hulazimika kujipanga kwa namna chache maalumu ili yaendelee kushikana yenyewe bila kupoteza mkono. Kwenye joto la kawaida la mwili au la chumba, gharama kubwa iko hapo: maji hupoteza uhuru wa kugeuka na kuhama. Molekuli mbili za mafuta zikikaribiana, eneo la kulindwa hupungua na baadhi ya maji huachiwa huru. Zikikaribiana elfu, huachiwa mengi zaidi. Hivyo ndivyo matone yanavyokutana na kuwa tabaka juu ya sufuria. Kwa usahihi basi, mafuta hayakukimbia. Yameachwa nje na maji yanayoshikana.

Ushahidi bora wa hili ninaoufahamu uko katika ukoo wa alkoholi. Zote zina kichwa kimoja, oksijeni na haidrojeni, kinachofanana kabisa na nusu ya molekuli ya maji. Zinatofautiana kwa urefu wa mkia wa kaboni. Ethanoli, ile iliyomo kwenye spiriti na kwenye kila pombe, ina kaboni 2 na huchanganyika na maji kwa kipimo chochote unachotaka. Butanoli ina kaboni 4, na lita ya maji hupokea gramu 70 na kitu. Heksanoli ina 6, maji hupokea kama gramu 6. Oktanoli ina 8, na sasa tumebaki na nusu gramu hivi. Kichwa hakikubadilika hata kidogo. Kila zilipoongezwa kaboni mbili, kiasi kilishuka zaidi ya mara kumi, kwa sababu mkia mrefu unadai maji mengi zaidi yajipange kuuzunguka. Rudi sasa kwenye ganda la korosho. Sehemu kubwa ya mafuta yake ghafi ni asidi ya anakadiki, molekuli yenye kichwa kinachoelewana na maji na mkia wa kaboni 15. Mkia wa kaboni 8 ulikwisha kushindwa. Wa 15 hauna hata pa kuanzia. Na sukari ya bibo? Chukua jamaa yake, sukari ya kawaida ya mezani, yaani sukrosi: ina vichwa 8 vya aina ile ya oksijeni na haidrojeni katika molekuli moja na haina mkia wowote, na lita ya maji hubeba kilo 2 zake.

Mwalimu wa kemia anaweza kuniambia kwamba ninazunguka sana, kwa kuwa darasani sheria ni fupi: vinavyofanana huyeyushana, chenye chaji huyeyuka kwenye maji na kisicho na chaji huyeyuka kwenye mafuta. Sheria hiyo ina manufaa, lakini Kilwa Kisiwani iko mbele ya macho yetu kuipinga. Msikiti Mkuu wa pale umesimama kwa zaidi ya miaka 700, masika kwa masika, na umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Matumbawe ni kalsiamu kabonati, na kalsiamu kabonati ni ayoni tupu, chanya na hasi, zimepangwa kama chumvi. Sheria ya kufanana ingekuwa imetosha, msikiti ule ungekuwa umeshamiminikia baharini zamani. Lita ya maji safi hupokea miligramu 13 hivi tu za kabonati hiyo, dhidi ya gramu 360 za chumvi. Jibu la haraka ni kwamba kalsiamu ina chaji mbili na kabonati ina chaji mbili, hivyo zimebanana kuliko sodiamu na kloridi. Zimebanana kweli, lakini jibu hilo haliishi hapo, kwa maana maji nayo huzishika ayoni za chaji mbili kwa nguvu zaidi. Ukipiga hesabu yote, unakuta malipo ya maji yanavuka deni: kalsiamu kabonati ikiyeyuka hutoa joto kidogo. Kwa nishati peke yake ingepaswa kuyeyuka vizuri kuliko chumvi! Kinachokwamisha ni kwamba ayoni zile zenye chaji mbili huyakamata maji yanayozizunguka na kuyagandisha mahali pake, na uhuru unaopotea kwenye maji ni mkubwa kuliko ule unaopatikana kwa ayoni kutawanyika. Msikilizaji ataona kwamba tumerudi palepale tulipokuwa kwenye mafuta. Jiwe la Kilwa na tone la dizeli, vitu ambavyo hakuna anayeweza kuviita ndugu, vinaachwa kwa sababu moja: kuvipokea kunayagharimu maji uhuru wao. Ndiyo maana nasema upande wa tatu, wa maji na maji, ndio unaosahaulika. Wanafunzi wa kidato cha nne hukariri orodha ndefu, kwamba nitreti zote huyeyuka, kabonati haziyeyuki isipokuwa za sodiamu, potasiamu na amoniamu, salfeti huyeyuka isipokuwa za bariamu na risasi. Orodha hiyo itawavusha mtihani wa vitendo, na siipuuzi. Lakini aliyeikariri bila kuulizwa kwa nini, akikutana na kitu kisichokuwemo hana pa kushika.

Kuna wengine hudhani kila kitu kitakubali ukikoroga vya kutosha au ukichemsha. Kukoroga huharakisha tu. Kiasi cha mwisho hakiongezeki hata ukikoroga mpaka asubuhi. Joto nalo halina msimamo mmoja. Sukari huongezeka sana maji yakichemka, chumvi huongezeka kidogo mno, chokaa na kabonati yake hupungua, na hewa ya oksijeni hukimbia, jambo wanalolifahamu wafuga samaki. Wavuna chumvi wa Kunduchi na Bagamoyo hutumia tofauti hizi bila kuhitaji kitabu. Maji ya bahari, yenye gramu kama 35 za chumvi za kila aina kwa lita, yakikaushwa na jua huangusha kwanza kabonati, kisha jasi, na chumvi ya kula huanza kushuka maji yakiwa yamebaki karibu sehemu moja ya kumi. Chumvi chungu za magnesiamu hubaki hadi mwisho ndani ya maji, na maji hayo humwagwa.

Nimesema kabonati haiyeyuki, na kusema hivyo kunaweza kupotosha, maana kilomita 8 hivi kutoka Tanga mjini kuna mapango ya Amboni, yaliyochimbwa na maji ndani ya mwamba wa chokaa. Maji safi yasingeyachimba. Mvua hupitia hewani na kwenye udongo, inabeba kaboni dioksaidi, inakuwa asidi dhaifu, na asidi hiyo huigeuza kabonati ya chaji mbili kuwa bikabonati ya chaji moja. Chaji ikipungua, maji hayabanwi tena vile, na jiwe linakwenda. Basi neno haiyeyuki ni neno la uhusiano. Kinachobadilika kinaweza kuwa kitu chenyewe, au maji, au mwenzake aliyeongozana naye. Kalsiamu iliyochukuliwa hivyo kutoka kwenye mawe ndiyo inayofika kwenye visima vingi tunavyochimba Kinondoni na Temeke, na ndiyo inayowasumbua wafuaji. Tunayaita yote maji ya chumvi, na mengine yana chumvi kweli, hasa karibu na bahari, lakini adui mkubwa wa povu ni kalsiamu na magnesiamu. Sabuni ya mche ni mkia mrefu wa mafuta uliofungwa kwenye kichwa chenye chaji, pamoja na sodiamu. Kichwa hushika maji, mkia huingia kwenye uchafu wa mafuta, na hivyo mafuta ambayo maji yaliyaacha nje hupata wa kuyapeleka. Kalsiamu ikitokea, huiacha sodiamu iende zake na kushika vichwa viwili kwa mpigo, na kinachopatikana hakiyeyuki: yale mabonge meupe yanayoelea kwenye beseni, na ule utando unaobaki kwenye kola. Mfuaji huongeza sabuni, na nusu ya mche huishia kuiondoa kalsiamu kabla nguo haijaguswa. Hiyo ni fedha inayotoka kwenye kaya zenye kipato kidogo, kwa kuwa maji ya bomba hayajazifikia au hutoka kwa mgawo. Sabuni ya unga huhimili zaidi kwa sababu kichwa chake kina salfa, na kichwa hicho kikishikana na kalsiamu bado huyeyuka vya kutosha. Bei ya paketi ni jambo jingine. Kemia yake ni hiyo.

Kalsiamu hiyohiyo inayoudhi sabuni ya Temeke ingekuwa rafiki mkubwa kwingineko. Kuzunguka Mlima Meru, na katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa, maji yana floridi nyingi kuliko miligramu 1.5 kwa lita inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na meno ya watoto hupata madoa ya kahawia, na mifupa ya baadhi yao hupinda. Floridi iko pale kwa wingi kwa sababu mawe ya volkano yana sodiamu nyingi na kalsiamu haba. Floridi iliyoongozana na sodiamu huyeyuka, gramu kama 40 kwa lita. Iliyoongozana na kalsiamu huishia miligramu 16 hivi, zaidi ya mara elfu mbili chini yake. Floridi haikubadilika, alibadilika mwenzake. Kwenye kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, watu wa Wizara ya Maji wamekuwa wakitumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe kuchuja maji hayo, kwa kuwa mfupa ni kalsiamu na fosfeti, nayo huikamata floridi na kuizuia isifike kikombeni. Nadhani kazi ya aina hii inastahili kusikika redioni mara nyingi kuliko inavyosikika.

Pingamizi la mwisho ni la mtu wa kawaida: haya ni ya wataalamu, mimi nikiyajua nitafanya nini? Nitamjibu kwa kumrudisha Mabibo. Pale Mabibo External, kando ya Barabara ya Mandela, iko maabara ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ambayo hadi mwaka 2019 ilijulikana kama TFDA. Kati ya vipimo vinavyofanyiwa vidonge kwenye maabara za aina hiyo kimo cha kuyeyuka: kidonge hutumbukizwa kwenye chombo chenye kimiminika cha joto la mwili, nyuzi 37, kasia dogo linazunguka, na baada ya dakika zilizowekwa hupimwa dawa kiasi gani imetoka. Kipimo hicho kimetufundisha mengi hapa Dar es Salaam. SP, yaani salfadoksini na pirimethamini, ilikuwa dawa ya chaguo la kwanza ya malaria Tanzania Bara kuanzia mwaka 2001, baada ya klorokwini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 juu ya vidonge vya malaria katika maduka ya jumla ya jiji hili ulikuta sampuli za SP zilizoshindwa kuyeyuka ni nyingi kuliko zilizopungukiwa na dawa yenyewe. Yaani kidonge kina kipimo kamili kama kilivyoandikwa kwenye boksi, na mgonjwa bado hakipati.

Mwishoni mwa mwaka 2006 tukahamia dawa ya mseto, na humo imo lumefantrini, ambayo maji karibu hayaipokei kabisa. Mhudumu wa afya anaposema mpe mtoto mseto pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, hasemi kwa ajili ya kulinda tumbo. Mafuta ya chakula huita nyongo, nyongo hufanya kazi ileile ya sabuni ya mche, na lumefantrini hupata usafiri. Imepimwa kwamba ikimezwa na mlo wenye mafuta mengi, inayoingia mwilini ni takribani mara 16 ya ile inayoingia kwa tumbo tupu. Hakuna maabara wala wizara inayoweza kumsimamia mgonjwa kwenye hatua hiyo. Iko mikononi mwa mzazi, saa mbili usiku, mtoto akikataa kula. Kwa kanuni hiyohiyo mchicha wa nazi huupa mwili vitamini A zaidi kuliko mchicha uliochemshwa mkavu, na serikali ilipoagiza kuongeza virutubisho, vitamini A iliwekwa kwenye mafuta ya kupikia na madini joto kwenye chumvi, kila kimoja mahali kinapoyeyuka.

Dawa iliyo mwenza wa lumefantrini ndani ya mseto imetokana na artemisinini, kitu kingine ambacho maji hukichota kwa shida. Tu Youyou, mwanasayansi wa China aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, alifanikiwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 alipoacha kuchemsha majani yenye artemisinini hiyo, akayaloweka kwenye etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 35 tu. Lakini mtoto aliyezimia kwa malaria kali hawezi kumeza kidonge, na kitu kisichoyeyuka hakichomwi kwenye mshipa. Wanakemia wakaiunganisha molekuli ile na kichwa cha asidi, kinachopata chaji kikikutana na bikabonati ya sodiamu. Hiyo ndiyo artesuneti. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya majaribio kwa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo, na vifo vilikuwa pungufu kwa zaidi ya moja ya tano kwa waliopewa artesuneti kuliko waliopewa kwinini. Sababu za ushindi huo si moja, lakini cha kwanza kuruhusu lolote litokee ni kile kichwa kilichoongezwa. Dawa hufika wodini ikiwa unga mweupe kwenye kichupa, na kando yake kichupa kingine cha bikabonati. Muuguzi huvichanganya, hutikisa, na hutazama dhidi ya mwanga. Kikiwa bado na ukungu, hachomi.